Isifunguliwe Kabla ya Saa Moja

Jina la mtu mmoja tu ndilo lililomshinda Verla Stoddard. Mengine yote alikuwa ameshayapanga, na aliyapanga yakapangika. Ramani ilikuwa imetandazwa juu ya meza ya jikoni tangu mwanzo wa Septemba, mpaka akazoea kulia chakula kwenye kona ya meza kama mgeni. Kibali cha kulungu mmoja dume kilikuwa mfukoni. Bunduki ilikuwa imesafishwa mara tatu, na mara mbili kati ya hizo haikuwa chafu.

Verla hakuwa mwanafunzi wa kuwinda. Alikuwa na miaka sitini na moja, na thelathini kati ya hiyo alikuwa amewinda na mumewe, Merle, ng'ambo ya milima, upande wa mashariki ambako nchi ni kavu na kulungu wana masikio makubwa kama ya punda. Kule unapanda kilima, unakaa, unatoa darubini, na mnyama unamwona angali mwendo wa saa mbili mbali. Merle alipofariki, Verla akavumilia miezi minane, kisha nyumba ikamshinda. Akaiuza, akaja kupanga hapa Tidewell, upande wa bahari, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akisema anapenda mvua. Kumbe alipenda mvua ya kusimuliwa. Hii ya kunyesha wiki mbili bila kupumua hakuwa ameijua.

Na kulungu wa huku, wenyewe huwaita mkia mweusi, ni mnyama mwingine kabisa. Ni mdogo, ni mjanja, na hatoki vichakani ila awe na shida zake. Siku ya kwanza ya kwenda kukagua, Verla alifanya kama alivyozoea: akapanda mgongo wa mlima, akakaa na darubini yake nzuri, akatazama nusu siku nzima. Alichokiona ni ukungu. Alishuka amelowa mpaka soksi, akamtukana Merle kwa kufa, kisha akamwomba radhi ndani ya gari.

Siku zilizofuata akajifunza upya. Huku darubini ni ya kubeba tu. Kazi ni ya miguu. Unatembea hatua kumi, unasimama hata dakika kumi, unatazama chini ya majani, si juu yake, unatafuta sikio au mguu mmoja. Alikagua mabonde matatu akayaacha. La nne lilikuwa saa nzima ya kutembea kutoka kwenye geti la barabara ya malori ya magogo, juu ya kijito, mahali palipokatwa miti miaka mingi nyuma na sasa pamefunga vichaka. Hapo alikuta nyayo mbichi za kwato kwenye tope, mti mchanga uliochubuliwa ganda kwa pembe, na kwenye makangaga alama ya kitu kilicholala usiku uleule. Aliweka mkono pale, akahisi kama pana joto, ingawa huenda alijidanganya. Akatia alama ya penseli kwenye ramani.

Katikati ya hayo yote alifanya kosa ambalo mtu wa huku halifanyi hata akiwa amelewa. Aliingia kwenye duka la vifaa vya kuwindia, akakuta wanaume wanne wanakunywa kahawa, akasalimia vizuri, kisha akawauliza wao huwindia wapi. Upande wa mashariki hiyo ni salamu tu. Hapa wote wanne waliinamia kahawa yao. Mmoja akaanza kusoma maandishi ya kikombe chake. Corliss, mwenye duka, alimsindikiza mpaka mlangoni akamweleza taratibu kwamba mtu wa Tidewell atakuonyesha kovu la upasuaji kabla hajakuonyesha mahali pake pa kuwindia. Watu wamefarakana kwa hilo, alisema, na wengine ni ndugu.

Sasa turudi kwenye lile jina. Nyumbani kwa Verla na Merle kulikuwa na sheria moja: hakuna anayekwenda milimani bila kuacha karatasi. Karatasi inasema unapita geti gani, unafuata njia gani, unawinda wapi, utarudi saa ngapi. Mstari wa mwisho ni jina la anayekungoja, atakayepiga simu polisi wa wilaya ukichelewa, maana mabondeni simu haishiki. Miaka thelathini karatasi ya Merle ilikuwa na jina la Verla, na ya Verla jina la Merle. Jumatatu ya wiki ya kufungua msimu aliandika yote kwa mwandiko mzuri, akafika kwenye mstari wa mwisho, na kalamu ikasimama.

Watoto hawakujaliwa. Dada yake, Idella, yuko kwenye nyumba ya wazee huko Boise, na siku nyingine humwita Verla nesi. Corliss alikataa kwa adabu. Duka lake lina masikio mengi, alisema, usiache kitu kama hicho hapa. Polisi nao hawamngojei mtu, wanangoja kuambiwa. Verla alikaa na kalamu mkononi akapitisha kila jina analolijua upande huu wa milima. Hayakutosha hata kujaza vidole vya mkono mmoja.

Bila shaka angeweza kwenda hivyohivyo. Wako wanaokwenda. Lakini alijiona amelala chini ya makangaga na mguu umevunjika, na wa kwanza kuuliza habari zake ni msoma mita ya umeme, tena mwisho wa mwezi. Kifo hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni ule mwezi. Alisema peke yake pale jikoni, kwa sauti, kwamba kama hakuna wa kumngoja basi haendi, na kama haendi mwaka huu hatakwenda tena, atauza bunduki akae mbele ya televisheni mpaka basi. Alipojisikia akisema, alishtuka. Ilikuwa sauti yake ya kwanza siku ile.

Alibaki Arvo Salmela, jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee aliyeendesha malori ya magogo miaka arobaini, mwenye ulimi mkali, asiye hata na mbwa. Mazungumzo yao mpaka siku hiyo yalikuwa ya mapipa ya taka. Jumatano mchana Verla alimkuta akipasua kuni, akamweleza shida yake, akamnyooshea karatasi. Arvo alirudi nyuma hatua mbili kamili.

"Usinionyeshe hiyo," alisema. "Mama, kunja hiyo kitu."

"Ni karatasi tu, jirani. Haiumi."

"Inauma. Nikishajua mahali pako, siku utakapokuta mtu mwingine pale utasema ni mimi niliyemwambia."

Kisha akamwonyesha kwa kidole nyumba ya kijani, ya tatu ng'ambo ya barabara. Humo anakaa Denny Kluth. Waliwinda pamoja miaka ishirini na sita. Msimu mmoja Denny alikuta wageni mahali pake, na aliyekuwa anapajua ni Arvo peke yake. Arvo hakuwa amefungua kinywa, lakini utathibitishaje kitu ambacho hukukisema? Mwaka wa kumi na moja huu hawasalimiani, na Arvo hajagusa bunduki tangu hapo. Alieleza hayo yote akitazama shoka. Kisha akasema kuni haziwezi kujipasua zenyewe, na Verla akaelewa kwamba anafukuzwa.

Alirudi nyumbani na hasira. Mzee mzima anaogopa karatasi! Alipika viazi, hakuvila. Hasira ikamdumu Alhamisi yote, na ilipoisha Ijumaa asubuhi ikamwachia wazo. Alichukua bahasha, akatia karatasi, akaibana kwa gundi na juu yake akaongeza utepe, kisha akaandika kwa herufi kubwa: ISIFUNGULIWE KABLA YA SAA MOJA JIONI, JUMAMOSI. Akagonga mlango wa Arvo.

"Hutajua chochote," alimwambia. "Nikirudi nitaichukua kama ilivyo. Nisiporudi ndipo utafungua, na hapo sitakuwa na nafasi ya kukulaumu."

Arvo aliigeuza ile bahasha, akaikagua gundi, akaishika kwa vidole viwili. Alisema kwamba wanawake wa upande wa mashariki wana akili za kutisha. Hakusema ndiyo, lakini mlango aliufunga akiwa nayo. Verla aliandika jina la Arvo kwenye nakala ya karatasi aliyobaki nayo mezani, akalala usingizi mzuri.

Jumamosi alifika getini bado giza, akatembea saa yake moja. Mvua ilikuwa nyepesi, kisha ukungu ukashuka ukaziba kila kitu. Alikwenda hatua kumi, akasimama dakika kumi. Mara moja tu aliona miguu minne myembamba chini ya majani, mwendo wa kutupa jiwe, lakini kichwa hakukiona, na Verla si mtu wa kufyatulia miguu. Miguu ikageuka ikaondoka bila haraka. Hakuumia moyo. Kwa siku ya kwanza, nchi ya ugenini, kuona miguu haikuwa haba. Alipoona mwanga unaanza kupungua akakata shauri kushuka mapema.

Ilikuwa saa kumi alipofika getini. Kando ya gari lake palikuwa na pikapu nyingine. Arvo alikuwa amesimama kwenye mvua, suruali imelowa mpaka kiunoni, matope hadi magotini, sauti imemkauka. Alikuwa ameingia mpaka kwenye kijito akiita jina lake, maji yakamshinda, akarudi. Bahasha ilikuwa juu ya kiti cha pikapu. Utepe ulikuwa umechanwa kwa meno.

"Umefungua," Verla alisema.

"Nimefungua."

"Saa ngapi?"

"Saa sita."

"Sita mchana? Niliandika saa moja, Arvo. Kwa herufi kubwa."

"Kusoma najua."

"Sasa unapajua mahali pangu."

"Sasa napajua." Alijifuta uso kwa mkono wenye matope, akauchafua zaidi. "Ukungu ulishuka mpaka kwenye bati langu. Nikakaa. Nikasimama. Nikaenda dirishani nikarudi."

Katika nchi ile alichokifanya ni wizi, na Verla alijua kwamba anapaswa kukasirika. Aliitafuta hasira ile ya Jumatano, hakuiona. Alichokipata ni machozi, na yalimtoka pale barabarani na bunduki begani, kwa kelele, bila aibu. Tangu Merle afe hapakuwa na mtu aliyemwona amechelewa.

Arvo alifikiri analilia mahali pake.

"Nisamehe, mama," alisema. "Miaka kumi na mmoja sijamngoja mtu. Nimesahau inavyofanywa."