Ami Buajila na Taa ya Waingereza

...uniwie radhi, kichwa changu, najua nawaza ovyo, mkia mbele pembe nyuma, lakini nani angewaza sawasawa na ami yangu Buajila kafungwa kwenye nguzo, na yule kapteni wa Kiingereza anapuliza chai, chai yetu!, ipoe kwanza ndipo aamuru ami apigwe risasi, jasusi, eti jasusi, kisa taa yake ilielekea ghuba nyingine na mashua za wanajeshi zikaifuata, sasa si huko ndiko mlikopona, vichwa maboga nyie, ghuba mliyoitaka Wajerumani walishaijaza mizinga, mngekaangwa kama dagaa, leo Tobruki ni yenu, mnaizunguka na kaptula zenu, na aliyewaingiza mnamuua... "Amri ilivunjwa," anatafsiri Shafik Efendi, Mmisri yule, nywele mafuta tupu, balaa lote lake, si ndiye alikuja mahemani kutafuta mshika taa, akauliza huyu mzee nani, tukamwambia basiri, maana kwetu kipofu haambiwi kipofu usoni, ni utovu wa adabu, anaitwa basiri, mwenye kuona, naye akaruka, "Mwenye kuona! Ndiye huyo huyo!"... na wewe ami, hukuweza kukataa? nilimuuliza asubuhi ile alipochaguliwa, akacheka, "Wee Kreim, siku zote naambiwa nisogee nisikanyage watu, leo naombwa nishike taa ya vita, nikatae?"... na hawa wazee wetu, wamekaa kama mawe, semeni basi!, neno moja tu, kipofu, mwambieni kapteni hivyo na mzee anafunguliwa sasa hivi, lakini nani amtukane Buajila mbele ya ukoo, mimi?, mimi mwana wa ndugu yake?, haiwezekani, adabu... kapteni kaonja, bado ya moto, alhamdulillahi... na nikisema, atauliza tu, kipofu alifikaje na taa kwenye mwamba wa pwani, nani alimshika mkono, nani alimwambia ami geuka huku kidogo, upepo unaizima taa, kidogo tena, hapo hapo, usitikisike... nani... lo, si mimi... Shafik anauliza kama kuna mwenye neno, nami nawatazama wazee, nasingizia heshima yao, adabu gani, Kreim, unaogopa kufungwa nguzo ya pili.