Kumbe ni Sitini na Saba

Tangazo aliliandika binti yangu, lakini kosa nililifanya mimi. Aliniuliza kwenye simu, "Baba, hizo drams ni za mwaka gani?" nami nikamjibu bila kupepesa macho, "Sitini na moja." Ndivyo alivyoniambia aliyeniuzia, na kwa miaka yote niliyozipiga kwenye bendi sikuona sababu ya kumbishia. Binti akaweka picha mtandaoni na namba yangu chini yake. Akaniambia nikishaziuza nitapata nafasi ya kuweka meza ya kulia. Meza ya kulia, nile na nani?

Mama yake alikuwa na miaka miwili kaburini. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ngazi za kupanda kwa miguu. Zilikuwepo siku ambazo sauti yangu niliisikia mara moja tu, jioni, nikimbishia msoma habari wa redio.

Siku ya tatu mlango ukabishwa. Alikuwa daktari wa meno, mtu mzima mwenye kitambi, ngazi zimemtoa jasho.

"Shikamoo, mzee. Samahani sana, lakini hizi haziwezi kuwa za sitini na moja."

Hata hajaketi! Nikamkaribisha. Akavua koti, akatoa mfukoni bisibisi, tochi, na kile kioo chake cha kazini chenye mpini, wanachotuchungulia nacho magego. Akaipindua ngoma ya kati, akalegeza skrubu moja baada ya nyingine, akaivua ngozi ya chini.

"Haya, fungua mdomo," akaiambia ngoma.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye akaingiza kioo nyuma ya chuma kinachoshikilia mguu, mahali ambapo jicho peke yake halifiki, akamulika. "Njoo uone, mzee. Ule pale." Nikainama kando yake, mashavu yetu yakikaribia kugusana. Muhuri mdogo wa wino mwekundu ulikuwa umegongwa kwenye ubao: mwezi wa tano, sitini na saba.

"Kumbe!" nikasema. Na siku ile ilikuwa kumbe ya kweli.

Alikuja saa nane, akaondoka saa kumi na mbili. Tulikunywa chai birika zima. Nilimsimulia jinsi wenzangu walivyoniita Saa, kwa sababu mwimbaji angeweza kulewa, gitaa lingeweza kukatika nyuzi, mimi mdundo wangu hautikisiki. Yeye akanisimulia kwamba mkewe amempa onyo: ngoma nyingine ikiingia mlangoni, mama mwenye nyumba anatoka. Kwa hiyo hakununua. Alipoondoka niliosha vikombe viwili. Aliyezoea kuosha viwili hawezi kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Nilipaswa kumpigia binti yangu arekebishe tangazo. Sikumpigia.

Wiki haikuisha akaja fundi umeme. Halafu mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Halafu ndugu wawili, mtu na kaka yake, waliobishana njia nzima. Nikajifunza jambo kuhusu wapenzi wa drams za zamani: ukiandika mwaka ulio sahihi, watapita kimya kimya. Ukikosea, mtu atavuka mji mzima, apande ghorofa tatu, ili akuonyeshe ulipokosea. Na kwa kukuonyesha lazima afungue, na kwa kufungua lazima akae, na akikaa chai inachemka.

Nikawa mwigizaji. Kila akiondoka mmoja, nilirudisha ngozi, nikakaza skrubu, nikafuta alama za vidole. Akija mwingine nilikunja uso na kubisha kidogo, maana ukikubali haraka mtu humaliza haraka. "Sitini na moja, mwanangu, nina hakika." Kisha tochi, kisha muhuri, kisha mimi na mikono kichwani: "Kumbe!" Mwalimu wa hesabu alinipigapiga begani kunifariji. Nilikaribia kumwambia ukweli, jinsi mkono ule ulivyokuwa mzito na mzuri.

Mmoja tu alitaka kununua kweli. Nilimpandishia bei mpaka akatikisa kichwa na kushuka zake. Niseme waziwazi: sikutaka kuuza. Nilitaka mlango wangu ubishwe.

Kisha daktari wa meno akarudi. Nilimwona kwenye tundu la mlango nikafurahi kama mtoto, nikafungua huku naita, "Daktari! Maji ya chai yako jikoni!" Hakuvua koti. Hakuingia hata.

"Mzee, mwezi wa tatu mwaka huu mimi nilikuonyesha muhuri kwa macho yako. Tangazo bado linasema sitini na moja."

"Nimesahau, mwanangu."

"Na fundi umeme alikuonyesha. Na mwalimu. Tuna kundi letu kwenye simu, tunaandikiana. Juzi tumegundua wote tumefungua ngoma ile ile, na mbele ya wote umeshangaa vilevile." Alitazama viatu vyake. "Wanakuita tapeli. Wanasema unamngojea mjinga asiye na tochi, umuuzie kwa bei ya sitini na moja."

Ningeweza kumwambia. Maneno yenyewe ni machache: nilikuwa peke yangu, ukaja, nikataka uje tena. Lakini mtu wa miaka sabini na minne aseme hivyo mlangoni, majirani wakipita na mifuko ya sokoni? Nikajikausha.

"Uzee huu," nikasema.

"Nimekutetea. Nimewaambia ni kusahau tu, si utapeli. Nimeweka jina langu. Sasa rekebisha leo, mzee, usiniaibishe." Akaanza kushuka. Kwenye kona ya ngazi akasimama. "Mimi nilidhani siku ile tulipiga soga kama marafiki."

"Tulipiga," nikasema, lakini alikuwa ameshashuka.

Nikampigia binti yangu. Jioni ile tangazo likasomeka sitini na saba. Sikuwa na namna nyingine. Waliniita Saa, sikuweza kufa nikiitwa tapeli.

Haikupita nusu saa, simu ikalia. Sauti ya mwanamume, ya heshima, ya mtu mwenye shughuli nyingi. "Nimeona picha, mzee. Vibati vyake vya nembo, rangi yake, na mwaka, vyote vinakubaliana. Nazichukua kwa bei hiyo hiyo."

"Njoo basi uzifungue uone mwenyewe."

"Hakuna haja. Umeandika sahihi kabisa."

Kesho yake asubuhi pesa zikaingia kwenye simu, na saa nne akaja dereva wa kigari cha mizigo. Nilikuwa nimetandika kitambaa mezani.

"Karibu chai, baba."

"Nimekunywa, mzee, asante."

"Hutaki kujua ni za mwaka gani?"

Akacheka, mtu mwema tu, hana kosa. "Mzee wangu, mimi nilitaka kujua ni ghorofa ya ngapi."

Alizibeba safari nne. Ngoma kubwa aliikumbatia tumboni, matoazi akayatundika begani kwenye mfuko wake. Safari ya tatu, alipokuwa chini, nilichomoa pedeli ya mguu kwenye mfuko wa vyuma, nikaisukuma chini ya kitanda. Ndiyo, niliiba kitu nilichokwisha kukiuza. Dereva aliporudi alifunga zipu bila kuhesabu. Ndani ya dakika ishirini chumba kikawa kitupu, na kwenye zulia yakabaki mashimo ya miguu ya viti na vyuma.

Nilingoja mpaka alasiri, ili mnunuzi apate muda wa kuziunganisha na kuona pengo. Hakupiga. Nikapiga mimi.

"Zimefika, mzee, ziko safi mno!"

"Pedeli imebaki huku," nikamwambia. "Ile ya kukanyaga. Pita siku yoyote uichukue, mimi niko tu."

"Ah, usijisumbue. Pedeli ninazo tele hapa. Baki nayo."

"Ni pedeli nzuri."

"Naamini, mzee."

Pedeli ile niliinunua mpya dukani binti yangu akiwa darasa la saba. Mtu yeyote wa kundi lao angeutambua mwaka wake kwa kuiona tu kwenye picha.

"Ni ya mwaka hamsini na nane," nikasema. Kisha nikamngoja abishe.

"Sawa, mzee," akasema. "Siku njema."