Dume la Shimoni

Kwa kuziba ukuta wa bahari, hakuna fundi mwashi aliyemfikia Mama Mwiko. Maji yakipwa tu, yuko chini miambani na ndoo yake ya saruji, maana bahari haina subira na mtu.

Siku hiyo alifika kwenye shimo la upana wa ngumi, pale ukuta unapokutana na jabali. Alipoingiza kidole kuondoa mchanga, kitu kikamng'ata. Akamulika kwa tochi ya simu. Ni samaki, si mkubwa kuliko kidole gumba, hana hata gamba moja, macho yametokeza, anamtazama. Na maji yalikuwa yameondoka tangu asubuhi.

"Umesahauliwa, mwenzangu," akamwambia. Akamtoa taratibu, akamtia kwenye dimbwi hatua tano kutoka pale. Hata hajageuka vizuri, samaki akaruka nje, akaja akidundadunda juu ya jiwe kavu, akaingia shimoni. Akamrudisha dimbwini. Akarudi. Mara ya tatu Mama Mwiko akaweka mwiko chini, akalala kifudifudi, akamulika hadi ndani kabisa. Dari lote la shimo limejaa mayai, madogo kuliko punje za mtama, na kila yai lina macho mawili.

Shemeji yake, msimamizi wa kazi, akaja kuuliza mbona saruji inaganda.

"Huyu mama ana watoto," akasema Mama Mwiko.

Shemeji akachungulia. "Si mama. Hawa nawajua tangu utotoni. Jike akishataga huenda zake. Dume ndiye hubaki, hata maji yakimkimbia."

"Dume ndiye hubaki?"

Shemeji akatazama pembeni. Kaka yake, mume wa Mama Mwiko, alikuwa ameondoka mwaka wa sita sasa, akimwachia mkewe watoto watatu. "Basi tuliruke hilo," akasema. "Tutaliziba mwisho."

Siku nane, kila maji yakipwa, Mama Mwiko alianzia hapo. Dume alikonda akabaki kichwa, lakini kutoka hakutoka.

Siku ya tisa, mchana, maji yalikuwa yanajaa, yamewafika magotini, na yeye na shemeji yake hawaondoki. Wimbi lilipoingia shimoni likatoka na kitu kama vumbi la fedha. Visamaki, mamia kwa mamia, vyembamba kama uzi, vikapita katikati ya miguu yao kuelekea maji makuu, bila kuonyeshwa njia. Dume akatoka nyuma yao, akaanza kuguguna mwani jiweni kama mtu aliyetoka zamu.

Shemeji alikuwa amevua kofia.

"Wamejuaje kwamba haya ndiyo maji yao?" akauliza kwa sauti ndogo.

Mama Mwiko alikuwa ameinama, mikono yote miwili majini, akiwaacha wapite kati ya vidole vyake.

Kesho yake shimo lilikuwa tupu. Aliliziba, maana kazi ni kazi.