Ubao wa Mwisho wa Daraja la Mwasenge

Usingizi unanikuta kitini baada ya ugali wa mchana, redio ikitangaza Bunge ambalo si langu tena, na papo hapo niko kwenye barabara isiyo na mwisho, napita miji yenye vioo badala ya kuta, na katika kila kioo nimo mimi, kwenye bango la kampeni, nacheka. Mtu asiye na uso ananishika mkono. Mheshimiwa, ananiambia, dada yako Kalunde ana uchungu wa kujifungua, yuko ng'ambo ya Mto Mwasenge, na mto umefurika. Namuuliza, daraja liko wapi? Anajibu, liko pale ulipolisemea. Nakimbia, na barabara nayo inakimbia, inazunguka, inanirudisha palepale, hadi yenyewe inaingia ukumbini mwa Bunge, na katikati ya ukumbi unapita mto, mwekundu, na ng'ambo yake Kalunde amejishika kiuno. Kaka, anaita, sema basi! Naogopa jamani. Nasimama ili Spika anione, lakini Spika hana macho. Nasimama, nakaa, nasimama, mpaka kipaza sauti changu kinawaka chenyewe. Nasema yote. Nasema watu wetu wanavuka kwa kamba, wajawazito wanabebwa kwa machela, na bajeti hii haina hata msumari wa daraja letu. Wabunge wanapiga meza, na kila wakipiga, ubao mmoja unatokea juu ya maji, mpaka unakosekana mmoja tu, mbele ya miguu ya Kalunde. Malizia, ananong'ona asiye na uso, humu neno la mwisho ndilo fundi. Nami nalijua neno lenyewe: bajeti hii naikataa. Lakini mazoea yana tabu. Nafungua mdomo, na mdomo unasema kama ulivyosema miaka yote, baada ya kusema hayo, Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Mbao zote zinakwenda na maji. Kalunde ananitazama tu kutoka ng'ambo.

Nashtuka. Mke wangu Nyamizi kasimama mbele yangu, simu mkononi, kanga imelowa mvua. Wamepiga kutoka kwa Kalunde, anasema, uchungu umeanza na mto umejaa, hawawezi kuvuka. Tufanyeje, baba Shija? Nautafuta uso wake, nauona, kisha sina hakika kama nauona. Wewe uliyekuwa mkubwa, ananiambia, sema neno! Nami nimeshasimama, vidole vinafunga kifungo cha koti ambalo sijalivaa, na nalisikia koo langu likianza, baada ya kusema hayo.