Tumbo la Pamba

Fundi cherehani alifika saa tano na nusu kuchagua mtoto wa paka, na Pamba alikuwa hajakojoa tangu alfajiri.

Aliyejua hilo ni mimi peke yangu. Watoto watatu wa paka walikuwa wanacheza kwenye zulia la sebuleni, wote wa wiki kumi na mbili, wa manyoya marefu, wanene wa mapaja na wafupi wa mgongo kama ilivyo jamii yao isiyo na mkia. Wa kijivu alikuwa na kisiki cha mkia kisichozidi kidole gumba. Dada yake mweusi, hivyo hivyo. Pamba, yule mweupe, hakuwa na kitu kabisa. Mgongo wake uliishia kwenye kishimo kidogo unachoweza kukigusa kwa ncha ya kidole.

Wapenzi wa paka hawa humtaka wa kishimo. Ndiyo maana mama mdogo alimpandishia paka wake jike, asiye na mkia, dume la watu ambalo nalo halina mkia, ingawa daktari wa mifugo alimwonya kwamba watoto wa wazazi wa namna hiyo huweza kuzaliwa na uti wa mgongo mbovu.

"Akizaliwa mgonjwa atapigwa sindano alale," mama mdogo alisema siku ile. "Sitamtesa kiumbe."

Kwa hiyo sikumwambia. Pamba alipofika wiki saba niligundua kwamba hawezi kukojoa mwenyewe. Nikajifunza kumsaidia: namsimamisha juu ya gazeti, natafuta kwa vidole viwili kitu kama puto dogo chini ya tumbo, nakibinya taratibu mpaka kiishe. Asubuhi, saa sita, jioni. Kisha namfuta, namkausha, namchana. Asipobinywa, siku mbili zinatosha kumuua.

Mama mdogo aliniachia kazi yote ya kuchana, akawa anawaambia majirani, "Huyu mtoto alisomea ukutubi, lakini vitabu vimemkosa, paka wamempata." Nami nilikuwa nacheka nao, huku gazeti lililolowa limefichwa chini ya kitanda changu.

Fundi cherehani alikuwa mama mnene, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, kipande cha uzi mwekundu kimenasa kwenye blauzi.

"Karibu, dada," mama mdogo alisema. "Hao hapo. Chagua roho inapopenda."

"Mama Paka, mimi shuleni nilishika mkia kila mwaka. Hawa hata wakitaka, hawana wa kushika!"

Walicheka mpaka mweusi akakimbilia chini ya kochi. Pamba hakukimbia. Alimwendea mgeni, miguu yake ya nyuma ikiinuka yote kwa pamoja.

"Jamani, tazama anavyoruka! Kama sungura!"

"Ndio mwendo wao," mama mdogo akajibu kwa fahari.

Si kweli. Aliye mzima akitembea polepole hupeleka mguu mmoja, kisha mwingine. Wa kijivu alikuwa anatembea hivyo palepale, mbele ya macho yetu.

Fundi alivaa miwani. "Mimi nguo hainidanganyi kwa sura. Naigeuza, naangalia mshono wa ndani."

Akamgeuza wa kijivu. Kwapani manyoya yalikuwa yamefungana fundo. Akamvuta mweusi kutoka chini ya kochi. Mapajani kulikuwa na uchafu uliokauka. Kisha akampakata Pamba, akayapuliza manyoya ya nyuma yakaachana, akainamisha kichwa kabisa. Palikuwa peupe, pakavu, pananukia sabuni.

"Huyu!" akasema. "Huyu ametunzwa."

Masikio yangu yaliwaka moto. Kila fundo kwapani mwa ndugu zake lilikuwa la dakika nilizompa yeye. Nilikuwa nimemficha vizuri mno, hadi nimemfanya achaguliwe.

Wakaendelea kuzungumza: anakula nini, mara ngapi, anaogeshwaje. Saa ya ukutani ikafika sita, ikapita, ikawa sita na robo. Tumbo la Pamba lilikuwa limejaa kiasi cha kuonekana chini ya kiganja cha yule mama. Akaanza kulia, kilio chembamba cha kurudiarudia.

"Ana haraka ya kwenda kwake," fundi alisema, akamtia kwenye kikapu alichokuja nacho na kushika kifuniko. "Ila kwangu ni mbali. Nikifika, giza limeshaingia. Atavumilia?"

"Atavumilia tu. Au sio, mwanangu?"

Wakanigeukia wote wawili. Mimi nikitazamwa husahau hata jina langu. Nikikubali, Pamba atakufa kwenye nyumba ya mtu aliyempenda, na mtu huyo hatajua kwa nini. Nikikataa, sindano itakuja kabla ya jioni.

Nilimtoa kikapuni. Nikatandaza gazeti sakafuni, nikamsimamisha, nikambinya mbele yao. Mkojo ulitoka, ukatoka, ukafika kwenye ukingo wa gazeti. Pamba akanyamaza.

"Hawezi mwenyewe," nikasema. "Ni mara tatu kwa siku, maisha yake yote. Asipobinywa anakufa."

"Tangu lini?" mama mdogo aliuliza.

"Wiki tano."

"Wiki tano! Humu humu ndani, wewe mtoto unanichezea shere?"

Fundi alivua miwani taratibu. "Binti, ningemchukua mimi..." Alikitazama kikapu kitupu. "Mimi natoka asubuhi, narudi usiku. Siwezi. Haya, niambie ukweli, nimchukue nani?"

"Wa kijivu. Anatembea vizuri, na choo chake nakiona kila siku. Mchane kwapani na nyuma ya mapaja kila baada ya siku moja. Hayo mafundo ni uzembe wangu."

Alimchukua wa kijivu. Mlangoni alinishika bega, akaondoka.

Mama mdogo alimpigia daktari. "Njoo leo," alisema, basi. Tulikaa mpaka daktari alipofika saa tisa, Pamba amelala mapajani kwangu.

Daktari alimpapasa mgongo, akamfinya vidole vya nyuma, akabonyeza tumbo. "Hana maumivu. Kibofu kimetunzwa vizuri." Akamgeukia mama mdogo. "Nilikukataza kuwapandisha wawili wasio na mkia."

"Ulinikataza."

"Wa hivi wapo wanaoishi miaka. Wapo wasiomaliza hata mmoja. Anahitaji mtu wa kila siku. Sindano nimekuja nayo. Uamuzi ni wako."

Mama mdogo alinitazama kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Ungeniambia, ningeshamuua."

"Najua."

"Ndiyo maana ukanyamaza."

"Ndiyo."

Akamgeukia daktari. "Lile dume halitakanyaga tena hapa. Na wewe, siku ukipata kazi ukaondoka, huyu unamwachia nani?"

Wiki tano zote sikuwahi kujiuliza.

Mama mdogo akapiga magoti kwenye zulia, akakunja mikono ya gauni lake.

"Nionyeshe hicho kibofu kilipo. Na usidhani nimekusamehe."

Nilishika vidole vyake viwili, nikavipeleka chini ya manyoya ya Pamba.

"Hapa?"

"Chini kidogo, mamdogo."