Mtumiaji Halisi

Mama alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, uso kaugeuzia pembeni, mkono unageuza samaki kwenye karai bila macho kuwaona. Wakaanga samaki wote wa soko la Feri hufanya kazi hivyo, maana moshi wa kuni hauna adabu. Sabaha alimsubiri amalize kukohoa. Ilichukua muda.

"Mama, kesho majaji wanakuja kuliona jiko. Wakija, mimi hunijui."

"Sikujui?"

"Ndiyo sheria ya mashindano. Mtumiaji halisi asiwe ndugu wa mshiriki. Wakijua, timu nzima inaondolewa."

Mama yake, Hajira, akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Na jiko?"

"Tukishinda linabaki hapa hapa, kwako. Mratibu kasema mwenyewe."

"Basi sikujui," mama akasema, akatia samaki wengine kwenye mafuta.

Walikuwa wamewaomba wakaangaji wengine kwanza. Hakuna aliyekubali wanafunzi wa uhandisi wachezee riziki yake. Ronak, mwenzake kwenye timu, alileta bati na feni ndogo kutoka duka la baba yake Kariakoo, na Sabaha akachora bomba la kuvuta moshi. Hakulichora kwa ajili ya kikombe cha ushindi. Alilala chumba kimoja na kikohozi kile tangu utotoni, na zahanati walikuwa wamemwambia mama aachane na moshi. Aachane nao ale nini, hilo hawakumwambia.

Kulikuwa na tatizo la jina. Sokoni hakuna aliyemwita Hajira. Tangu ajifungue alikuwa Mama Sabaha, kama kila mwanamke pale alivyoitwa kwa mwanawe. Jioni ile Sabaha alipita kila meza akiomba wasahau jina hilo kwa siku moja. Wanawake walicheka, wakakubali. Zakayo, mpaa samaki anayewatoa magamba, alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake Dokta Athanas alifika na majaji wenzake, wakiruka maji ya samaki kwa viatu vyao vya ngozi. Jiko likawashwa. Moshi ukapanda bombani wote, na Hajira akageuka, akakaa akilitazama karai lake uso kwa uso. Sabaha hakuwahi kumwona mama yake akifanya kazi na macho wazi. Kwa furaha akasahau kueleza kasi ya feni, Ronak akamalizia.

"Mama Sabaha!" Zakayo alikuwa anakuja na beseni begani. "Changu wako hawa, nikuwekee wapi?"

Dokta Athanas akainua macho kwenye karatasi zake. Akasoma kitambulisho kifuani kwa Sabaha, kisha akamtazama mkaangaji.

"Mama Sabaha?"

"Wangu alishafariki," Hajira akasema, kijiko hakikusimama. "Hawa wameshindwa tu kuacha kuniita."

"Ooh. Pole sana, mama. Aliumwa nini?"

Hajira akamgeuza samaki mmoja.

"Kifua."

Zakayo alibaki mdomo wazi. Wanawake wakamkazia macho. Akashusha beseni taratibu, akavua kofia. "Mungu amlaze mahali pema," akasema.

"Pole, mama," Sabaha naye akasema, kwa sababu kila mtu alikuwa anasema. Dokta Athanas akaandika.

Usiku huo, chumbani kwao Mchikichini, Sabaha hakuweza kula.

"Mama, umeniua."

"Nimekuua mdomoni tu. Kula, chakula kinapoa."

Walishinda. Ukumbi wa chuo ulipiga makofi, na Hajira aliketishwa mstari wa mbele amevaa kanga mpya yenye nembo ya wafadhili. Dada mmoja aliyetoka kwa wafadhili akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba jiko litapelekwa kwenye maonyesho Dodoma, kisha nje ya nchi, na baada ya hapo litakaa ofisini kwao. Sabaha alishuka jukwaani, akamfuata mratibu aliyekuwa amesimama ukutani.

"Ulisema litabaki kwa mtumiaji."

"Nilisema hivyo kabla wafadhili hawajaingia. Fomu mlisaini, hamkusoma?"

"Sasa yule mama?"

"Yatatengenezwa mengine. Avute subira."

"Lini?"

Mratibu akamtazama vizuri. "Mbona unang'ang'ana? Wenzako wanashangilia. Kwani ni ndugu yako?"

Kikombe kilikuwa mikononi mwa Ronak, na nyuma yake wanafunzi wawili walikuwa tayari wanafungua bomba ili jiko lienee kwenye gari. Sabaha alimwona mama yake akiwatazama wale vijana, kwa utulivu tu, kama mtu anayeona kitu alichokitarajia. Hasira ilimpanda, ikakosa pa kwenda.

"Hapana," akasema. "Si ndugu yangu."

"Basi rudi ukapige picha."

Akarudi. Dokta Athanas alikuwa amempa dada wa wafadhili karatasi, naye akaisoma kwa sauti ya kulegea. Mama huyu shujaa, akasema, amempoteza binti yake kwa sababu ya moshi. Jiko hili litabeba jina la binti huyo popote litakapokwenda. Akawaomba wote wasimame kumkumbuka marehemu kwa dakika moja ya kimya.

Viti vikalia. Ukumbi mzima ukainamisha vichwa, na Sabaha akainamisha chake. Kwenye kimya kile mama akaanza kukohoa. Alijaribu kukizuia kikohozi kwa ile kanga mpya, kikatoka kwa nguvu zaidi, kile cha alfajiri, kinachomkunja mtu mpaka magotini. Jirani yake akamshika bega na kumnong'oneza ajikaze, Mungu yupo, akidhani analia. Dokta Athanas alikuwa amesimama karibu nao, kalamu bado mkononi.

Ronak alimgusa Sabaha kiwiko, akamsogezea chupa ya maji. "Mpelekee."

"Mpelekee wewe," Sabaha akasema, bila kuinua kichwa.