Chachu ya Mama Ndani ya Oveni

Kaka yangu Delbert hajawahi kuingia jikoni asiache hasara, lakini asubuhi ile ya Sikukuu ya Shukrani alipindukia.

Huku kwetu Montana, Marekani, baridi ya Novemba haina adabu, na chachu ya mkate, ule unga wa maji uliochachuka tunaoutunza mwaka hadi mwaka, ni kama kichanga, haivumilii. Ndiyo maana tunailaza ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ndogo ikiwaka, ipate kijoto cha kuumukia. Mama alifanya hivyo, na bibi kabla yake. Na mwenye akili hubandika karatasi kwenye swichi: USIWASHE. Mimi nilibandika. Delbert akaibandua, eti alidhani imesahaulika hapo tangu mwaka jana, akawasha moto mkali kwa ajili ya bata mzinga wake wa sikukuu.

Nilikuwa namwogesha mama harufu iliponifikia. Nikakimbia, nikafungua oveni. Ndani ya bakuli mlikuwa na kitu kigumu cha kahawia, kimepasuka katikati.

"Delbert! Umefanya nini wewe?"

"Nini tena? Nimeiwasha mapema tusichelewe."

"Umeichoma chachu ya mama!"

"Si unga na maji tu, Arlys? Koroga nyingine."

"Koroga ubongo wako! Chachu hiyo imekuzidi umri, na akili pia imekuzidi!"

Akacheka. Hakujua. Kawaida unabakiza kidogo kwenye friji, lakini safari hii niliitia yote bakulini ikue, nije nichote akiba asubuhi. Asubuhi yenyewe ndiyo hiyo.

Mama amenisahau. Ananiita "bibie", kama anavyomwita muuguzi. Ila sikukuu iliyopita nilimpa skonzi ya chachu yake, akaimega, akatafuna, akaniangalia usoni: "Arlys, umezidisha siagi." Basi. Hakusema lingine, na mwaka mzima nimeishi na maneno hayo. Sasa chakula karibu hakigusi, na daktari ametuambia tusitegemee kwamba ataiona Krismasi. Nilitaka aniite jina langu mara moja tu. Hivi ni kutaka makubwa?

Nikakumbuka kwamba mama alimgawia jirani yetu Twyla chachu ileile, zamani. Nikavuka theluji nikiwa na kandambili miguuni.

"Twyla, nakuomba, nichotee chachu ya mama kidogo. Ya kwangu imeungua."

Alibaki ameshika mlango. "Jamani, mpenzi. Niliitupa. Mzee wangu alipofariki, mkate nipike wa kumlisha nani? Nikajisemea, si ipo kwa Arlys, nikiitaka nitaenda kuomba."

Nilitamani kumtukana, nikamwambia asante.

Nikapika kwa hamira ya dukani, ningefanyaje? Maziwa yaleyale, siagi ileile, nikaviringa madonge kama mama alivyonifundisha. Yakaumuka upesi mno. Skonzi zikatoka laini kabisa, juu zinang'aa, na nyumba nzima ikanukia. Delbert akala nne akiwa amesimama.

"Unaona? Ulikuwa unanipigia kelele bure. Tofauti yenyewe siioni."

"Utaiona wapi, na wewe hutafuni, unameza!"

Nikachukua moja ya moto, nikaenda nayo chumbani kwa mama. Nikamega kipande, nikamtia mdomoni. Alitafuna taratibu, macho kwenye dirisha. Halafu akageuka kuniangalia, akaniangalia sana. Niseme kweli, nilishaanza kutabasamu.

"Mzuri," alisema. "Asante, bibie."

"Onja tena kidogo, mama."

Akausukuma mkono wangu polepole, akashusha sauti kama mtu anayechelea kumuudhi mgeni. "Usikasirike. Wa kwako mzuri, ila namngoja binti yangu. Yeye ndiye anayejua mkate wetu."

"Anakuja leo?"

"Leo ni sikukuu. Lazima aje."

"Anaitwa nani, mama?"

Akafikiri. Midomo ilicheza, ikalitafuta jina, isilipate. Mwishowe akachoka, akanipapasa mkono kunituliza, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Utamjua tu akiingia," akasema.

Nikamfuta makombo kidevuni. Kisha nikavuta kiti, nikakaa naye kumngoja.